Bei ya Mshambuliaji Kutoka Tanga

Niliondoka Kau asubuhi moja bila kumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa napalilia mpunga wa ami yangu, nimefika katikati ya shamba, nikasimama kunyoosha mgongo. Ng'ambo ya mto nikamwona mtu amejitwika godoro anaelekea barabarani. Nikataka kujua anakwenda wapi. Ndivyo nilivyo tangu zamani. Shule niliiacha darasa la saba, na karo ilikuwa sababu mojawapo tu. Sababu nyingine ni kwamba dirisha la darasa lilitazama njia. Nikaweka jembe, nikachukua mkoba, nikavushwa kwa mtumbwi. Mwenye godoro sikumpata. Nilipata lori la maembe, na lori lilikuwa linakwenda Garsen.

Nilidhani nitakaa Garsen siku mbili. Nilikaa miezi saba, na kazi yangu ilikuwa kupaka rangi migongo ya ng'ombe waliokwisha kuuzwa, ili wasichanganywe na wengine wakati wa kupakiwa. Aliyeniajiri alikuwa dalali, mfupi, mpana, mwenye kitambaa cha kijani begani masika na kiangazi. Alikuwa pia mwenyekiti wa timu ya mpira, kwa hiyo mji mzima ulimwita Mwenyekiti. Hata wake zake walimwita hivyo.

Katika soko lile bei haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mkono, dalali anawafunika kwa kitambaa, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Kwa ng'ombe, kidole kizima ni elfu kumi, kikikunjwa ni elfu tano; kwa mbuzi, kidole hicho hicho ni elfu moja tu. Walio pembeni wanaona kitambaa kinatikisika, basi. Mwenyekiti alikuwa ameongeza lake, nalo aliliita mkono wa tatu: mtu asiye na faida katika biashara ile anaingiza mkono wake juu ya ile miwili, anahisi walichokubaliana, ili kesho asiwepo wa kukana. Mkono wa tatu hausemi. Ukisema, biashara imekufa, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe na pesa kwa mwenyewe, na wewe hutashika tena hata kamba katika soko hilo. Nilikuwa mkono wa tatu wa ng'ombe wengi sana, na sikuwahi kutamka bei hata moja. Nisijisifu. Bei ya ng'ombe haikuwahi kuniuma.

Halafu akaja yule mshambuliaji.

Mashindano yalikuwa yamebaki siku nane, na zawadi ilikuwa fahali. Mwaka uliotangulia timu ya Garsen ilikuwa imefungwa fainali mbele ya watu wake, na Mwenyekiti hakuwa amelisahau hilo hata siku moja. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe alimwambia kwamba huko Tanga kuna mshambuliaji hatari asiye na timu, mtu huru, anaweza kuja kwa yeyote atakayempa bei nzuri. Mwenyekiti akatuma nauli bila kuuliza mtu. Siku ya tatu mgeni akateremka kutoka basi la Malindi, mrefu, suruali imepigwa pasi, begi moja. Alimwamkia kila mtu pale stendi, hadi mwenye mkokoteni wa maji.

Tulimpeleka kwenye hoteli inayotazama stendi, na ubishi ukaanza kabla chai haijamiminwa. Wachezaji walikuwa wamejaa mabenchi mawili. Msemaji wao alikuwa golikipa, ambaye pia ni nahodha, mkulima wa ndizi kando ya mto, mtu wa viganja vipana na maneno makali. Mgeni alitoa simu akawaonyesha video ya mabao yake.

"Huyu ndiye wewe?" golikipa aliuliza, simu ameishika mbali na uso kana kwamba inanuka.

"Ndiye mimi, kaka. Namba tisa."

"Namba naiona. Uso siuoni. Aliyepiga hii alikuwa juu ya mnazi? Namba tisa hata mjomba wangu anaweza kuvaa."

Benchi likacheka. Simu ikapita mkono hadi mkono. Kweli, ilikuwa imepigwa mbali sana. Watu walionekana kama siafu, na mpira haukuonekana kabisa, ila unajua umeingia kwa sababu siafu wanakumbatiana.

"Jamani, mimi sikuja kuomba," mgeni akasema kwa upole. "Mmeniita, nimekuja."

"Nani kakuita? Mimi sijakuita. Wewe umemwita?" golikipa akamgeukia beki wake. Beki akatikisa kichwa. "Umeona? Hapa hakuna aliyekuita."

"Nimemwita mimi," Mwenyekiti akasema. "Na nitamlipa mimi."

"Kwa pesa gani? Si ile ya kiingilio? Kiingilio ni cha timu, mzee."

Mama mwenye hoteli alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ndiye aliyewapikia wachezaji kila siku ya mechi. "Mimi nauliza tu," akasema. "Hawa watoto wanacheza kwa chapati mbili na soda. Huyu atakula nini, lulu?"

Hapo nami nikaingiza mdomo. Siku zile nilikuwa nasoma chochote kilichopita kwenye simu, na asubuhi ile nilikuwa nimesoma habari ya besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa rungu. Nikawaeleza kwamba huko timu kubwa zinabishana vivi hivi juu ya vijana wa kutoka nje: wengine wanataka kumwaga mamilioni kwa mtu ambaye hajapiga mpira hata mmoja katika ligi yao, wengine wanasema ni wazimu, acheni kwanza tumwone. Nilidhani nasaidia.

"Umemaliza?" golikipa akaniuliza.

"Bado. Wanasema unalipa kwa kile anachoweza kuwa, si kwa—"

"Paka rangi, wewe. Nenda kapake rangi."

Benchi likacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Mgeni hakucheka, na hilo pia lilinikera, sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kuhurumiwa na mtu aliyeteremka basi nusu saa iliyopita.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alisema mnunuzi anayengoja ndama awe fahali ndipo amjue atakuta Mombasa wameshamchukua. Kwamba kama wangekuwa wanajua kufunga mabao wao wenyewe, yeye asingehangaika kutuma nauli. Maneno ya mwisho yaliwachoma. Golikipa akasimama.

"Sawa. Wewe ni dalali, tuongee kidalali. Ng'ombe anatembezwa kwanza. Anazungushwa uwanja, tunatazama kama anachechemea, ndipo mkono unatolewa. Mtembeze."

"Amesafiri usiku kucha. Utamtembeza ng'ombe aliyeshuka lori sasa hivi?"

"Basi ngoja kesho."

"Sitangoja kesho nifundishwe kazi yangu na mtu wa ndizi!" Na pale pale, mbele ya wote, Mwenyekiti akavua kitambaa begani.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Katika miezi yote ile sikumwona akitoa mkono kwa mnyama ambaye hajatembezwa. Siku ile alikosea kwa hasira tu, kwa sababu ya kuambiwa ukweli wa kazi yake mwenyewe hotelini, mbele ya mama anayempikia.

Mgeni aliniangalia. Nikakaa karibu naye nikamweleza kila kidole, polepole, mara mbili, kipi ni nini na kukunja ni nini. Alielewa upesi. Wakashikana, kitambaa kikashuka, nami nikaingiza mkono wangu juu. Kiganja cha mgeni kilikuwa kigumu na kimejaa makovu madogo; baadaye aliniambia ni miiba ya mkonge. Mwenyekiti alianza na kidole kimoja. Mgeni akamrudishia vinne. Wakavutana mle gizani kwa muda, watu wakitazama nyuso zetu, hadi nikahisi vidole vitatu vizima vimebanwa na kutikiswa. Elfu thelathini, kwa mashindano yote.

Tukatoa mikono. Mgeni akaninong'oneza, "Angalau amenishika kama ng'ombe, kaka. Niliogopa atanishika kama mbuzi."

Walimlaza chumba kimoja nami, nyuma ya ghala la ngozi. Mwenyekiti alimnunulia godoro jipya. Mimi nililalia mkeka, ule ule wa miezi saba. Alikuwa mtu safi, anafagia kabla hujaamka, na kila neno lake lilianza na samahani au naomba. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, na mjini wakaanza kumwiga. Ukienda kununua sukari, mwenye duka anakuuliza kwa sauti ya puani, "Samahani kaka, ungependa nikuhudumie?" halafu duka zima linaangua kicheko.

Jioni ya kwanza alinieleza habari zake. Ana miaka ishirini na tisa. Alikuwa akikata mkonge kwenye shamba kubwa, na alipopata nauli ya Mwenyekiti alimuaga msimamizi na kuacha kazi. "Pale nafasi haikai wazi hata siku moja," akasema. "Nikirudi sasa hivi yupo mtu mwingine na panga langu. Kwa hiyo hii hela ndiyo kazi yangu hadi nipate timu. Mwakani nitakuwa na thelathini, hakuna atakayenitumia nauli."

Nilimsikiliza huku nikilitazama godoro.

Mazoezini walimnyima mpira. Hawakumfanyia fujo, walimpita tu kama nguzo. Anakimbia, ananyoosha mkono kuomba pasi, mpira unakwenda upande wa pili. Anarudi, anakimbia tena. Akipata wa kudokoa mwenyewe, golikipa anapiga kelele kutoka golini, "Haya tuone, dola zinakimbia hizo!" Siku mbili zilipita hivyo. Kila aliyekutana nami aliniuliza bei, nami nilikaza mdomo.

Siku ya tatu golikipa alinikuta kwenye kibanda cha maji, nimejaza mtungi nangoja jua lipungue. Alikaa juu ya mtungi wake kando yangu, mpole ajabu.

"Sikuulizi bei," akasema. "Najua mwiko wenu. Nataka kujua wewe. Siku ya soko unalipwa ngapi?"

"Mia nne."

"Na unapaka ng'ombe wangapi?"

"Sitini. Sabini, mvua zikiwa zimekuwa nzuri."

"Miezi saba. Mkeka huo huo." Akatema mate pembeni. "Yeye siku tatu, godoro. Nami miaka tisa golini, nimevunjika kidole hiki na hiki, sijawahi kuulizwa nalala wapi. Nataka kujua tu tunadharauliwa kiasi gani, ndugu yangu. Ni zaidi ya kumi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti, na nikanyoosha vidole vitatu. Sikutamka neno. Nilijiambia kwamba mkono wa tatu umekatazwa mdomo, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Golikipa alivitazama vidole vile, akasimama, akaenda zake na mtungi mtupu.

Kesho yake alasiri, Mwenyekiti alipofika uwanjani, alikuta timu nzima imekaa chini kwenye mduara wa katikati, viatu wamevua. Mgeni alikuwa amesimama peke yake pembeni, mpira miguuni.

"Elfu thelathini," golikipa akasema, bila hata salamu. "Sisi kumi na mmoja hatujafika hapo tangu timu ianze. Hatuchezi."

Mwenyekiti alinitazama mara moja tu, kisha akawageukia. "Mnataka nini?"

"Tumtembeze."

"Mkono ukishatoka chini ya kitambaa hakuna kutembeza."

"Huyu si ng'ombe, Mwenyekiti."

"Sasa mbona mnataka kumtembeza?"

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, matusi ya mama na ya baba, na nilidhani watapigana. Ni mgeni aliyewanyamazisha. Aliokota mpira akauweka kwenye alama ya penalti. "Nitatembea," akasema. "Semeni wenyewe, mipira mingapi?"

"Kumi," golikipa akajibu, tayari anavaa glavu. "Na si penalti. Nje ya boksi."

Jua lilikuwa bado kali na upepo ulikuwa unatoka upande wa vichaka vya miiba vya mathenge, umebeba vumbi. Watu walitoka stendi kuja kutazama. Wa kwanza ulikwenda kona ya juu, golikipa hakusogea hata mguu. Wa pili ukaingia. Wa tatu akaupangua, kelele zikapaa. Wa nne ukatoka nje kabisa ukamfuata mbuzi wa mtu. Wa tano, wa sita na wa saba, yote nyavuni, na wa saba ule ulikuwa mzuri hadi beki mmoja akajisahau akapiga makofi. Wa nane mwamba. Wa tisa golikipa akaulalia kifuani. Wa kumi ukaingia kwa kugonga goti lake.

Sita.

"Sita kwa kumi, nje ya boksi, kwa golikipa wa maana," mgeni akasema, anahema. "Sijui kwenu, lakini kwetu hiyo si mbaya."

"Kwa soda si mbaya," golikipa akajibu. "Kwa elfu thelathini nataka nane."

"Saba ingetosha," beki akasema.

"Wewe nyamaza, uliyempigia makofi."

Wakabishana hapo kama wanaogawana nyama. Mwingine alisema apewe nusu sasa na nusu baada ya fainali. Mwingine akasema elfu kumi na tano, yaani bao moja elfu mbili na mia tano, na mwenzake akamwambia kwa hesabu hiyo yeye mwenyewe anadaiwa na timu. Hawakuwa wanataka kumfukuza tena. Nililiona hilo, na nikaanza kupumua. Walikuwa wanataka tu bei iwe yao pia.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Mwenyekiti. Miezi saba nilikuwa nimeusoma uso ule pembeni ya ng'ombe, na niliujua unavyokuwa mnunuzi anapoona mguu mbovu baada ya kulipa. Alikuwa ameihesabu ile minne iliyopotea.

"Nani alisema bei?" akauliza.

Golikipa alitazama glavu zake.

"Nauliza tena. Chini ya kitambaa tulikuwa watatu. Mimi sikusema. Wewe wa Tanga, umesema?"

"Hapana, mzee."

Basi nikabaki mimi. Nikasema sikutamka. Nikasema nilinyoosha vidole tu, na hata mimi nikasikia upumbavu wa maneno yale yakitoka.

"Mkono wa tatu umesema," Mwenyekiti akatangaza, kwa sauti ile ile ya sokoni. "Biashara imekufa. Kila mtu na chake."

Mgeni alihitaji muda kuelewa. Alitazama uso mmoja hadi mwingine. "Lakini mimi sikusema kitu," akasema. "Yeye ndiye aliyesema. Mimi kosa langu nini?"

"Ndiyo sheria ya kitambaa."

"Mwenyekiti," golikipa akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mimi nilitaka apunguziwe. Sikutaka afutwe."

"Ulitaka kujua bei. Umeijua. Ni hasara hiyo." Akatupia kitambaa begani. "Akipenda, acheze kama wenzake. Chapati mbili, soda, na kwa kuwa ni mgeni, mia mbili kila mechi. Asipopenda, basi la Malindi ni saa moja asubuhi."

"Kwa nauli ipi?" mgeni akauliza. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuondoka.

Nilimfuata mgeni alipokwenda kuokota mipira. Nilikuwa na mia nne ya soko la wiki ile, nikaitoa. Alizitazama noti zile mbili bila kuzigusa.

"Kaka, nilikuuliza maana ya kila kidole, ukanifundisha vizuri sana," akasema. "Hiki cha kwamba wewe ukisema mimi ndiye ninayelipa, mbona hukunifundisha?"

Nilijua sheria ile tangu wiki yangu ya kwanza Garsen. Nilimfundisha bei, sikumfundisha habari ya mkono wangu.

"Hiyo rudisha mfukoni," akasema, na akaendelea kuokota mipira, mmoja mmoja, akiipangusa vumbi kwa fulana.

Asubuhi brashi yangu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na kopo la rangi pia. Hakuna aliyenifukuza kwa maneno. Mama wa hoteli aliniwekea chai akasema sahani zimeisha, na sahani nilikuwa naziona. Golikipa alipita upande wa pili wa barabara akageuza uso kutazama duka la sementi. Mgeni nilimwacha uwanjani. Alikuwa ameamua kucheza kwa mia mbili, kwa kuwa hapakuwa na lingine la kuamua. Nikapanda lori dogo lililokuwa linapeleka magunia matupu kule juu mto unakotoka, nikashuka Hola, nikalala huko siku tatu kwenye baraza la fundi wa baiskeli. Alipoanza kuniuliza nitaondoka lini, nikaendelea tena kufuata barabara, hadi mahali ambapo aliyenibeba alisema yeye haendi mbele ya hapo.

Ilikuwa Chewele. Sikumjua mtu. Niliuliza chumba, nikaelekezwa kwenye kinu cha kusaga mahindi, ambako mwenye kinu alikuwa na kijichumba cha ziada nyuma. Alikuwa kijana wa umri wangu, kope nyeupe kwa unga. Akazima injini ili tusikilizane.

"Umetoka wapi?"

"Garsen."

"Garsen!" Akafurahi, akajipangusa mikono. "Basi ulikuwepo. Binamu yangu alikuwa huko Jumamosi, amekuja na habari za yule mshambuliaji wa Tanzania. Anasema kafunga moja kwa kichwa, halafu kakosa lingine golikipa ameshaanguka, goli tupu! Wametoka sare, wametolewa kwa penalti. Eti watu karibu wapigane hotelini. Nusu wanasema ni tapeli, nusu wanasema angelishwa vizuri angefunga matatu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Atajua nani? Wengine wanasema kapanda lori la ng'ombe kwenda Mombasa." Akanisogelea. "Ila hapa tunabishana. Binamu anasema walimpa laki moja. Mimi nasema haiwezekani, mtu hata hawajamjua. Wewe uliyekuwepo, hebu nikate kiu. Walimpa ngapi?"

Alikuwa ananitazama kwa hamu, kama mimi nilivyowahi kuwatazama watu maisha yangu yote.

"Sijui," nikasema. "Chumba kina mlango wa kufunga?"

Alisikitika kidogo, kisha akachukua ufunguo msumarini. Mlango ulikuwepo, wa mabati, na ndani kitanda cha kamba na magunia mawili ya pumba. Akasema nikiona panya nisishtuke, wanafuata unga, hawamfuati mtu. Nikaweka mkoba juu ya gunia moja, na nje injini ikaanza tena kunguruma.